Kalafati

Kalafati ni nyuzi, aghalabu za pamba, zinazoshindiliwa katika maungio ya mbao za chombo ili maji yasipenye. Katika pwani ya Afrika Mashariki fundi huichovya pamba katika mafuta, huisokota kama utambi mnene, kisha huiingiza kwa patasi butu na nyundo, kidogo kidogo. Mbao zikilowa huvimba na kuibana; ndiyo maana jahazi lililokaa mchangani muda mrefu huvuja siku za mwanzo. Upande wa chini hupakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Pamba bila deheni ni kazi nusu.

Mitumbwi ya zamani ya Sese, katika Ziwa Viktoria, ilishonwa kwa kamba za mimea, na kufua maji kwa upo ilikuwa sehemu ya safari. Mitumbwi ya misumari ya siku hizi, ile ya Jinja ikiwemo, hutiwa pamba, na mara nyingi maungio hufunikwa kwa vipande vya bati. Lakini seremala anayeziba ufa wa mlango kwa unga wa mbao na gundi hatii kalafati.

Warusi huiita kazi ya kutia kalafati konopatka, nao huifanya melini na hata nyumbani: makapi ya kitani hushindiliwa kati ya magogo ya ukuta. Nyumbani kinachozuiwa ni baridi.