Kuta za Vernazza: Wiki Mbili za Kujitolea katika Pwani ya Italia

Wengi wetu tunaoishi huku ughaibuni tukilisikia jina la Italia tunafikiria Roma, mpira wa miguu, au zile habari za kusikitisha za mashua zinazozama baharini. Leo naomba niwapeleke mahali padogo zaidi, kijiji cha Vernazza katika pwani ya Liguria, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, ambako nilikaa wiki mbili nikibeba mawe bila kulipwa hata senti moja. Nauli kutoka Uingereza nilijilipia mwenyewe. Rafiki zangu walinicheka sana. "Umeyaacha mawe ya kwenu Lushoto ukaenda kubeba ya Waitaliano?" Swali lao lilikuwa la haki, na nitalirudia mwishoni.

Vernazza ni kimoja kati ya vijiji vitano viitwavyo Cinque Terre, vingine vikiwa Monterosso, Corniglia, Manarola na Riomaggiore. Wakazi wake hawafiki elfu moja. Milima inashuka moja kwa moja hadi baharini, na tambarare ya kulima hakuna. Kwa hiyo, kwa muda wa karibu miaka elfu moja, wakulima waliukata mteremko kuwa matuta ya ngazi, kila tuta likishikiliwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji. Juu yake walipanda mizabibu na mizeituni. Udongo ulioporomoka waliupandisha tena mabegani na vichwani, wanaume kwa wanawake.

Halafu vijana wakaanza kuondoka. Mwaka 1869 karakana kubwa ya jeshi la majini ilifunguliwa katika mji jirani wa La Spezia, na mwaka 1874 reli ya kutoka Genova hadi La Spezia ikakamilika. Mshahara wa kila mwezi ulikuwa bora kuliko kungoja zabibu. Wengine wa pwani hiyo ya Liguria walivuka bahari hadi Argentina, ambako mtaa wa La Boca katika jiji la Buenos Aires ulijaa watu wa Genova. Baadaye ukaja utalii. Mwaka 1997 UNESCO iliiweka Cinque Terre katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka 1999 ikawa hifadhi ya taifa. Wageni wakafurika kupiga picha za matuta, huku wanaoyalima wakizidi kupungua. Nilipoelezwa hayo nilinyamaza, maana ni historia tunayoifahamu sote tulioacha nyumba za wazee wetu nyuma.

Tuta lililotelekezwa halikai kimya. Siku ya tarehe 25 Oktoba 2011 mvua kubwa mno iliinyeshea Liguria. Huko Brugnato, bara kidogo kutoka pwani, zilipimwa zaidi ya milimita 500 kwa siku moja. Milima ikaporomoka. Kijito kinachopita chini ya barabara kuu ya Vernazza kilishindwa kuyabeba maji, na matope, magari na miti vikaijaza barabara hadi ghorofa za kwanza. Watu watatu walikufa kijijini hapo. Monterosso alikufa Sandro Usai, mtu wa kujitolea katika uokoaji, akiwa kazini kusaidia wengine. Wanakijiji wa Vernazza walihamishwa kwa mashua. Wataalamu waliochunguza maporomoko hayo walieleza kwamba matuta yaliyoachwa bila kutunzwa yalichangia maafa.

Ndipo wakaja watu wenye sepeto. Waitaliano wanawaita malaika wa matope, jina lililotokana na mafuriko ya Firenze ya tarehe 4 Novemba 1966, wakati vijana wa mataifa mengi walipokwenda kuokoa vitabu na picha za kale. Lakini desturi yenyewe ya kuvuka mpaka ili kufanya kazi ya mikono ni ya zamani zaidi. Mwaka 1920 Mswisi Pierre Cérésole alikusanya watu wachache, Wajerumani wakiwemo, wakaenda Esnes karibu na Verdun kujenga upya kijiji cha Ufaransa kilichobomolewa na vita. Hapo ndipo ulipozaliwa utumishi wa kujitolea wa kimataifa.

Matope yalipokwisha kuzolewa, kazi iliyobaki ilikuwa kuta. Hiyo ndiyo niliyoikuta mimi. Tuliamka alfajiri, tukapanda ngazi za mawe zisizokwisha, kila mtu na ndoo yake. Mwalimu wetu alikuwa mzee wa kijiji ambaye hakujua Kiingereza, nami Kiitaliano changu kilikuwa cha kuombea maji tu. Siku ya kwanza nilipanga mawe kwa nusu siku, nikajiona fundi. Mzee akaja, akatazama, akaubomoa ukuta wangu wote bila kusema neno.

Kisha akanionyesha. Mawe makubwa hukaa chini, ndani ya msingi uliochimbwa. Kila jiwe hulalia mawili, na ukuta mzima huegemea mlimani. Nyuma hujazwa mawe madogo ili maji yapite. Nilikuwa nimeziba nyufa zote kwa udongo nikidhani naimarisha. Ukuta usiopitisha maji huyakusanya nyuma yake mpaka unapasuka. Ufundi huu wa mawe makavu uliingizwa na UNESCO mwaka 2018 katika orodha ya urithi usioshikika, kwa ombi la nchi nane, Italia ikiwa mojawapo.

Kwa wiki mbili kundi letu lilisimamisha mita chache tu. Siku ya kuondoka niliutazama mlima, nikaona nyufa na mapengo kila upande, nikaona aibu kidogo. Nilimuuliza mzee, kwa msaada wa mkalimani, kama ujio wetu una maana yoyote. Alijibu kwamba mawe angeweza kuyapanga mwenyewe, ila hakuwa na mtu wa kumwachia ujuzi.

Sasa narudi kwenye swali la rafiki zangu. Kwetu milimani kazi kama hii tunaiita msaragambo, na nilipokuwa mdogo nilikuwa hodari wa kuikwepa. Ilinibidi nifike Liguria ndipo nielewe wazee wetu walikuwa wakifanya nini kila walipotuita kwenye mifereji na matuta. Mvua zilizofuata nilikwenda nyumbani kwa mwezi mzima. Tuta la marehemu babu lilikuwa limekatika sehemu mbili. Mjomba alicheka aliponiona nashika jembe, kisha akaniuliza ni nani aliyenifundisha kuacha njia ya maji. Nikamwambia, mzee mmoja wa Italia. Akasema babu yako alikuwa akituambia hivyo hivyo, lakini wewe hukuwepo.