Nasaba za Wahajiri wa Uswisi

Utafiti wa nasaba za wahajiri wa Uswisi ni taaluma ya kufuatilia, kwa hati na madaftari, asili ya watu waliohama nchi hiyo, aghalabu kwenda Marekani, hata kuufikia mji au kijiji cha jadi cha ukoo. Mahali hapo, paitwapo kwa Kijerumani Heimatort, si lazima pawe ndipo alipozaliwa mhajiri wala alipoishi, bali ni pale ambapo ukoo wake una haki ya uraia inayorithiwa kizazi baada ya kizazi. Na mtafiti asiyepajua, ijapokuwa ana jina na tarehe sahihi, kazi yake huwa nzito mno. Kwa kuwa uandikishaji wa kiserikali wa vizazi, ndoa na vifo ulienea nchi nzima tangu 1876, habari za zamani zaidi hutafutwa katika madaftari ya makanisa, ambayo baadhi yake yalianza karne ya 16. Majina nayo yalibadilika ughaibuni, Müller akawa Miller. Kazi huwa nyepesi kiasi pale wahajiri walipohama kwa jamaa, mathalani watu wa jimbo la Glarus walioasisi New Glarus, Wisconsin, mwaka 1845.