Njia za baiskeli za Usambara
Njia za baiskeli za Milima ya Usambara Magharibi ni hasa vijia vya asili vilivyochongwa na nyayo za wakulima na mifugo katika Mkoa wa Tanga, kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Mji mkuu wa milima hiyo ni Lushoto, ulio kwenye kimo cha takriban mita 1,400. Njia huchaguliwa kwa kuangalia mwinuko, udongo na majira: wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo mwekundu huteleza na kunata hadi magurudumu yakagoma kuzunguka. Barabara ya gari kuelekea kijiji cha Mtae humfaa anayeanza. Vijia vinavyoshuka genge la Irente, vyembamba na vyenye mawe, ni vya wazoefu. Wenyeji hupitia vijia hivyohivyo kwenda shambani na sokoni, hivyo mwendesha baiskeli humpisha mwenda kwa miguu.