SUPER SEMA: Katuni ya binti mvumbuzi, na habari yake kwa sisi wa Uchindile

Wadau, hii ni kwa wazazi, walimu na yeyote mwenye watoto wanaoshinda wameikodolea macho simu ya mjomba. Kuna katuni inaitwa Super Sema. Wengi mmeisikia kwa sababu ya jina la Lupita Nyong'o, wachache mmekaa mkaitazama. Nimeona niweke habari zake sehemu moja, halafu niseme na langu, maana niko Uchindile, na ukitazama kutokea huku juu mambo hayafanani sana na yanavyoonekana Nairobi.

YENYEWE NI NINI

Ni mfululizo wa katuni za vipande vifupi vifupi, dakika kama tano kila kimoja. Ilianza kuonyeshwa YouTube tarehe 8 Machi 2021, Siku ya Wanawake Duniani, na ni wazi tarehe hiyo haikuangukia hapo yenyewe. Mhusika mkuu ni Sema, binti wa miaka 10 anayeishi katika kijiji kinachoitwa Dunia. Adui yake ni Tobor, mtawala asiye na moyo, tena si binadamu, ni akili bandia, mwenye jeshi la roboti ambao kusema kweli ni wazembe kuliko mgambo wa mnadani. (Jina la Tobor lisome kinyumenyume utajua limetoka wapi.)

Sema hakuumwa na buibui, hakudondoka kutoka sayari nyingine, wala hakurithi mabilioni ya baba. Silaha yake ni kichwa. Balaa likiingia kijijini, yeye na pacha wake MB wanakimbilia maabara yao ya siri, AfroBubble, wanapiga akili, wanaunganisha hiki na kile, wanatoka na chombo cha kumaliza kazi. Ndiyo maana naiweka fungu moja na zile za mashujaa wavumbuzi, si zile za mashujaa wa misuli.

Aliyeianzisha ni Lucrezia Bisignani, mama wa Kiitaliano, kupitia kampuni yake ya Kukua. Mwandishi mkuu ni Claudia Lloyd, ambaye kabla ya hapo alitengeneza Tinga Tinga Tales, ile katuni ya wanyama iliyochorwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, ikichukua mtindo wa michoro ya Edward Saidi Tingatinga, Mtanzania mwenzetu wa Tunduru aliyefariki mwaka 1972. Mwongozaji ni Lynne Southerland. Lupita ni mzalishaji mtendaji, ana hisa humo, na ndiye sauti ya Mama Dunia. Sauti ya Sema ni ya Stycie Waweru, yule binti aliyecheza Jo katika Supa Modo, filamu ya Likarion Wainaina ya mwaka 2018 ambayo Kenya waliipeleka kushindania Oscar. Kama hujaiona Supa Modo, itafute, ila uwe na leso karibu.

Ndugu zake wengine niwapitie haraka. Static Shock ya Marekani, 2000 hadi 2004, kijana mweusi mwenye umeme mwilini na rafiki anayemtengenezea vifaa. Ironheart ya 2025, Riri Williams wa Chicago anayejiundia vazi la chuma. Kwa Afrika, Supa Team 4 ya Netflix ya mwaka 2023, mabinti wa Lusaka, imebuniwa na Malenga Mulendema wa Zambia. Na Iwájú ya 2024, ya Lagos, iliyotengenezwa na Disney pamoja na kampuni ya Kugali, na mmoja wa vijana wa Kugali, Hamid Ibrahim, ni wa Uganda. Kwa hiyo Sema hayuko peke yake, lakini ndiye aliye karibu yetu kuliko wote. Majina yote yetu: Kukua, Sema, Dunia.

NINACHOIPENDEA, NA KINACHONIKWAZA

Naipenda kwa sababu ni mtoto wa kike, wa kijijini, na hakuna mtu anayemhurumia. Tumezoea mtoto wa kijiji cha Afrika kwenye televisheni awe na nzi usoni. Huyu ana bisibisi. Hilo peke yake linatosha kwangu.

Kinachonikwaza ni kasi. Tatizo linaingia dakika ya kwanza, dakika ya nne limekwisha. Najua ni katuni na watoto hawana subira, lakini uvumbuzi wa kweli hauendi hivyo, na sisi wa bonde la Kilombero tunajua kwa sababu unafanyika hapo chini Ifakara.

Chukua Taasisi ya Afya Ifakara. Ilianza miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya Waswisi, leo ni ya Watanzania na inajulikana dunia nzima kwa mambo ya malaria. Watafiti wake, wengi wakiwa vijana wakati wanaanza, wametengeneza vitu ambavyo Sema angevionea wivu. Kuna hema la kunasia mbu, linaloitwa Ifakara Tent Trap: mtu analala ndani salama, mbu wanaofuata harufu yake wanaingia kwenye vyumba vya pembeni na kunasa. Hema hilo halikutoka siku moja, lilipitia matoleo kadhaa, na makala za kisayansi juu yake zilianza kutoka mwaka 2009. Mwaka 2010 Fredros Okumu na wenzake walichapisha habari za mchanganyiko wa harufu uliotengenezwa maabara ambao kwa mbali uliwavuta mbu kuliko binadamu mwenyewe. Mwaka 2013 likaja sanduku la mbao linalowekwa nje, lenye harufu hiyo ndani, mbu anatua anakutana na dawa. Halafu kuna vitambaa vya katani vilivyotiwa dawa, vinafungwa kwenye uwazi kati ya ukuta na paa. Na mwaka 2020 wakatoa ripoti juu ya kandambili zenye vipande vya katani vyenye dawa hiyo hiyo ya kufukuza mbu. Kandambili! Sasa hapo nani anahitaji vazi la chuma la Riri?

Na wanaofikiriwa ni watu tunaowajua: mkulima anayehamia kwenye kibanda cha shambani msimu mzima wa mpunga, bila mlango wala dari, au mama anayepika nje saa mbili usiku wakati chandarua kipo ndani kimekunjwa. Ukitaka kumweleza mtoto uvumbuzi ni nini, anzia hapo. Mtu aliuona usumbufu, akajaribu, ikashindikana, akapima, akajaribu tena miaka na miaka.

Jambo la pili la kukwaza ni Tobor. Yeye ni mbaya kwa sababu ni mbaya, basi. Sisi tuna Kihansi. Bwawa lile linatoa megawati 180, limewasha taa za watu wengi sana, na hakuna Tobor pale. Lakini maji yalipoelekezwa kwenye mitambo mwaka 2000, manyunyu ya maporomoko yakapungua, na chura wa Kihansi aliyekuwa anaishi kwenye manyunyu hayo tu akaanza kupotea. Chura huyo aligunduliwa mwaka 1996 na kufikia 2009 akatangazwa kutoweka porini. Waliofuatilia wanajua kwamba mabomba ya kunyunyizia maji yaliwekwa kuiga manyunyu, na chura waliozaliwa kwenye bustani za wanyama Marekani wakarudishwa nyumbani. Sasa hiyo ni hadithi ya sayansi: hakuna mbaya, kuna hesabu ambayo upande mmoja wake ulisahaulika. Ningelipa kuona Sema na MB wakikabidhiwa tatizo la namna hiyo.

LUGHA SASA

Hapa ndipo penye shughuli. Ile niliyoitazama mimi inazungumza Kiingereza. Jina la Kiswahili, kijiji cha Kiswahili, kampuni ya Kiswahili, maneno ya Kiingereza. Mtoto wa Uchindile wa miaka 10 anasoma darasa la nne au la tano, anasoma sayansi kwa Kiswahili. Anajua nyenzo, anajua egemeo, anajua roda na msuguano. Akiitazama Super Sema anaona picha, anacheka roboti wanavyoanguka, lakini pale Sema anapoeleza KWA NINI kitu kimefanya kazi, yeye anasubiri tu picha inayofuata. Yaani anapata shujaa, uvumbuzi wenyewe unampita.

Na msiniambie ni jambo dogo, maana ndiyo hiyo hiyo inayowakuta kidato cha kwanza. Miaka saba nyenzo ni nyenzo, Januari moja inaitwa lever, na mwalimu anayeifundisha naye anahangaika. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliandika kwamba Kiswahili kitumike kufundishia ngazi zote. Sekondari ikaendelea na Kiingereza. Wangapi wenye mikono ya kuunda vitu tumewapoteza pale? Wale wanaofungua redio na kuifunga ikaimba, wanaochonga magari ya mbao yenye usukani unaokata kona kweli, ukiwauliza wanakwambia fizikia iliwashinda. Fizikia haikuwashinda, wanaifanya kila siku.

Kuna mfano maarufu wa jirani. William Kamkwamba wa Malawi aliacha shule mwaka 2002 kwa kukosa ada wakati wa njaa, akajenga kinu cha upepo kwa fremu ya baiskeli na vyuma vya jalalani akiwa na miaka 14, taa zikawaka nyumbani. Filamu yake ilitoka mwaka 2019. Watu wanakumbuka kinu. Mimi nakumbuka alichosimulia mwenyewe: kitabu cha maktaba kilikuwa cha Kiingereza, Kiingereza chake kilikuwa kibovu, akawa anafuata michoro na kuyakisia maneno yaliyoizunguka. Alifaulu. Lakini kwa kila mmoja aliyeweza kukisia kuna darasa zima lililofunga kitabu.

Hapa nyumbani wapo waliofanya tofauti. Ubongo Kids ilianza TBC1 mwaka 2014, imetengenezwa Dar es Salaam, hesabu na sayansi kwa Kiswahili, nyimbo zinakaa kichwani hadi za watu wazima. Si katuni ya mashujaa, na kwa mbwembwe Sema anawazidi. Kwa kueleweka wao wako mbele, tena mbali.

Lakini kuna ufundi mwingine ambao tumeusahau na uko chini ya pua zetu: mabanda ya video. Nani hakumbuki sauti ya Lufufu? Derek Gasper Mukandala alichukua picha za Kichina, Kihindi na Kimarekani akazimimina kwa Kiswahili, akaongeza na vikorombwezo vyake, na mtu ambaye hajui neno la Kiingereza akatoka anasimulia picha mwanzo hadi mwisho. Mashujaa wa misuli wamepata wakalimani miaka yote hiyo. Shujaa wa kichwa hajapata. Kutafsiri ngumi ni rahisi, haisemi. Kutafsiri kwa nini puto linapaa kunataka mtu aliyekaa na mwalimu wa sayansi nusu saa kabla hajashika kipaza sauti.

Ndiyo maana naliweka hili hapa wazi. Vipande ni vya dakika tano tano, si picha ya saa tatu. Kijana wa banda mwenye ulimi, mwalimu mmoja wa sayansi wa shule ya msingi, waandike barua kwa Kukua kuomba ruhusa (ombeni jamani, hii ni mali ya watu), wapige kimoja cha majaribio. Kikishaingia kwenye flashi kitapanda treni ya TAZARA chenyewe, kutoka Ifakara kitapita Mlimba, kitafika huku kwetu na kuendelea Makambako.

Kwa mzazi asiyetaka kusubiri: kaa naye mtazame pamoja, simamisha pale Sema anapoingia AfroBubble, muulize mtoto angetumia nini kati ya vitu vilivyopo hapo jikoni. Majibu ya watoto wa huku kwa tatizo la roboti, mpaka sasa, ni mchi, kamba ya katani na mafuta ya kula yamwagwe njiani.