Alama za umbizo katika C

Alama za umbizo katika lugha ya programu ya C ni herufi zinazotanguliwa na alama ya asilimia, kama vile %d au %f, ambazo huielekeza funksheni ya printf namna ya kuchapisha thamani iliyopewa. Alama isipolingana na aina ya thamani, programu inaweza kuchapisha namba isiyo sahihi bila kutoa onyo lolote.

Alama za kawaida

- %d: namba kamili ya aina ya int
- %u: namba kamili isiyo hasi, ya aina ya unsigned int
- %ld: namba kamili ya aina ya long
- %lld: namba kamili ya aina ya long long
- %f: namba ya desimali ya aina ya double

Thamani ya aina ya float hugeuzwa kuwa double kabla ya kufika kwa printf, kwa hiyo nayo huchapishwa kwa %f. Kwa scanf, inayosoma data, hali ni tofauti: float husomwa kwa %f na double kwa %lf.

Chanzo cha kosa

Funksheni ya printf hupokea idadi yoyote ya thamani, lakini haipewi habari za aina ya kila moja. Inategemea alama za umbizo peke yake. Alama hizo hazigeuzi thamani kutoka aina moja hadi nyingine; zinaeleza tu aina inayotarajiwa. Kwa mujibu wa kiwango rasmi cha C, zisipolingana na thamani, matokeo hayana uhakika wowote.

Mifano

double bei = 1500.50;
printf("%d\n", bei);

Msimbo huu hauchapishi 1500. Katika Linux kwenye kompyuta nyingi za biti 64, namba za desimali hupitishwa katika rejista tofauti na za namba kamili. printf hutazama rejista ya namba kamili na kuchapisha chochote inachokikuta humo. Msimbo sahihi ni printf("%.2f\n", bei), unaochapisha 1500.50.

long long jumla = 5000000000;
printf("%d\n", jumla);

Hapa kompyuta hizohizo kwa kawaida huchapisha 705032704, kwa sababu biti 32 za chini pekee ndizo zinazosomwa. Kosa la namna hii ni gumu kugunduliwa, kwani jibu linafanana na namba ya kweli.

Wanafunzi wengi pia huandika printf("%f", 7/2) wakitarajia 3.5. Kwa kuwa 7 na 2 ni namba kamili, jibu la 7/2 ni 3 ya aina ya int, nayo hailingani na %f. Inafaa kuandika 7.0/2.

Kuzuia kosa

Kompaila za GCC na Clang hulinganisha alama na thamani na kutoa onyo zikitumiwa na chaguo la -Wall. Aina ya long ina biti 64 katika Linux ya biti 64, lakini biti 32 katika Windows. Kwa programu zinazohamishwa kati ya mifumo hiyo, faili la inttypes.h, lililoingizwa katika kiwango cha C99, lina majina kama PRId64 ambayo huchagua alama inayofaa kwa kila mfumo.