Isukuti na Redio: Kutoka Ngoma hadi Muziki

Neno ngoma katika Kiswahili hubeba mambo kadhaa kwa pamoja: chombo kinachopigwa, uchezaji, wimbo na mkusanyiko wenyewe. Neno muziki, lililokuja baadaye, hutaja zaidi sauti peke yake. Tofauti hii yatufaa katika kuchunguza uhusiano wa redio na isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega.

Isukuti ni jina la ngoma tatu, yaani kubwa, ya kati na ndogo, na pia la uchezaji unaoandamana nazo. Huongezewa pembe na njuga. Mwimbaji mmoja huongoza, na wanaume na wanawake hucheza kila kundi katika safu yake. Ngoma hizo hizo hupigwa arusini na matangani. Basi furaha au huzuni haimo katika mapigo pekee, bali hutokana na tukio lenyewe na kule watu kuitikia pamoja. Mfiwa hufarijiwa si kwa kusikia tu, bali kwa kupokewa na wachezaji.

Utangazaji ulianza nchini Kenya mwaka 1928, na tangu 1964 hadi 1989 shirika la serikali liliitwa Sauti ya Kenya. Upande mmoja wa sahani ya santuri ulichukua dakika tatu hivi, na wimbo ulilazimika kukomea hapo. Uliostawi ni ule uliomfaa msikilizaji wa popote. Daudi Kabaka, mwimbaji mwenye asili ya Uluhya, aliimba Kiswahili kwa mtindo wa twist. Wimbo wake Helule Helule uliimbwa upya na kundi la Tremeloes la Uingereza mwaka 1968. Muziki wa namna hiyo husafiri kwa kuwa haumhitaji mtu maalumu. Isukuti yamhitaji marehemu huyu, bibi arusi huyu, jirani huyu.

Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa haraka, kwani wajuzi wake wengi walikuwa wamezeeka na warithi walikuwa haba. Vituo vitangazavyo kwa Kiluhya vyaweza kutunza mapigo na maneno yake, wala hiyo si kazi ndogo. Lakini sauti iliyonaswa isidhaniwe kuwa ndiyo ngoma. Redio yaweza kumliza mtu akiwa peke yake chumbani. Haiwezi kumpa wa kumwitikia. Atakaye kuihifadhi isukuti na aanzie uwanjani, vijana wakiwa mbele ya wazee wao, kisha redio ifuate.