Aljebra: Funksheni na Mlinganyo kwa Mifano ya Zakaah, Mifugo na Mirathi

Aljebra ni tawi la hesabu linalotafuta namba isiyojulikana kwa msaada wa zile zinazojulikana. Jina hilo limetokana na neno al-jabr katika kitabu cha Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, kilichoandikwa Baghdad zama za Khalifa al-Ma'muun, karibu na mwaka 820 Miladi. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi. Basi mwanao akiuliza x ina faida gani, jibu lipo karibu.

Funksheni ni kanuni inayopokea namba na kutoa jibu moja tu. Tutazame Nainokanoka, kata ya wafugaji katika nyanda za juu za Ngorongoro, karibu na kreta ya Olmoti. Tuseme Muislamu wa huko ana mbuzi na kondoo wanaojilisha machungani, na mwaka umetimia. Wakiwa chini ya 40 hana Zakaah. Kuanzia 40 hadi 120 atatoa mmoja. 121 hadi 200, wawili. 201 hadi 399, watatu. Wakifika 400, wanne, kisha mmoja kwa kila mia kamili inayozidi. (Mbuzi wetu wa visiwani wanaokatiwa majani nyumbani wana hukumu nyingine kwa Wanachuoni wengi.)

Kwa kila idadi ya mifugo, jibu ni moja. Lakini geuza swali: aliyetoa wawili anao wangapi? Huwezi kujua, ni kati ya 121 na 200. Zakaah ya fedha si hivyo. Ikishafika niswaab, hutolewa sehemu moja ya 40, kwa hiyo aliyetoa shilingi 1,000,000 alikuwa na 40,000,000. Kugeuza swali namna hii ndiko kutatua mlinganyo.

Mfano wa mlinganyo: ndugu wawili wana mali sawa. Mmoja ana mbuzi 10 na anadaiwa shilingi 200,000. Wa pili ana mbuzi 6 na fedha taslimu 600,000. Mbuzi wote wana bei moja, nayo ni x:

10x − 200,000 = 6x + 600,000

Al-jabr ni kurejesha kilichopunguzwa: ongeza 200,000 pande zote mbili, upate 10x = 6x + 800,000. Al-muqaabala ni kuondoa vinavyofanana: toa 6x kila upande, ibaki 4x = 800,000. Mbuzi mmoja ni 200,000. Hakiki: kila ndugu ana 1,800,000. Watoto wengi hukosea kwa kugusa upande mmoja tu.

Sasa mirathi, ambako kosa la hesabu ni haki ya mtu. Marehemu ameacha 29,000,000, deni la 5,000,000, mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Wazazi wake wameshafariki na hakuusia. Deni hutangulia, zinabaki 24,000,000. Mke ana thumni, yaani 3,000,000. Zilizobaki ni 21,000,000, na hapa familia nyingine hugawa kwa vichwa vitano. Fungu la binti liwe x, la mwana wa kiume 2x:

2x + 2x + x + x + x = 21,000,000

Yaani 7x = 21,000,000, na x ni 3,000,000. Kila binti apewe 3,000,000, kila mwana wa kiume 6,000,000. Jumlisha mafungu yote na la mama yao. Yasipofika 24,000,000 kamili, rudieni hesabu kabla fedha hazijatoka.